Kabla ya kuuliza bei ya trekta, pita Kirinyaga Road kwanza

Nauza vipuri vya matrekta Kirinyaga Road, hapa Nairobi, tangu 2009. Wateja wangu wengi ni wakulima waliopanda matatu alfajiri kutoka Narok, Ol Kalou au Naro Moru, na kitu kilichovunjika kimefungwa ndani ya gunia. Hao hawaji kuniuliza wanunue trekta gani. Huja baadaye, trekta likishalala shambani na mvua imeanza. Nayaandika haya kwa ajili ya yule ambaye pesa zake bado ziko benki au kwenye sacco, kwa sababu huyo bado anaweza kusaidika.

Miaka hii matrekta yamepanda bei, na mara nyingi lile unalolitaka halipo. Unaambiwa ulipe arbuni, ungoje meli. Hapo watu huingiwa na hofu, wakanunua lolote walilolikuta uwanjani. Mimi nakuambia uanze upande wa pili. Tafuta vipuri kwanza, halafu utafute trekta linalovaa vipuri hivyo.

Bei ilipandia wapi

Ukijua bei ilipandia wapi, muuzaji hatakuzungusha. Trekta jipya unaloliona Industrial Area au kando ya Mombasa Road limetoka mbali: India, Pakistan, Uturuki, Brazil, Ulaya. Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama kwenye Mfereji wa Suez siku sita. Mwaka huohuo nauli za kontena zilipaa, na viwanda vikakosa chipu za kompyuta ambazo siku hizi zimo hata ndani ya trekta. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vikapandisha chuma na mafuta. Mwishoni mwa 2023 meli zikaanza kushambuliwa Bahari ya Shamu, na nyingi zikalazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika. Hapa kaunta niliyahisi yote hayo. Sahani za klachi nilizozoea kupokea kwa wiki sita zilinichukua miezi minne.

Lakini sikiliza vizuri sababu unayopewa. Mzigo unaotoka Uturuki au Uingereza hupita Suez na Bahari ya Shamu, kwa hivyo hadithi ya kuchelewa ni ya kweli. Mzigo unaotoka India au Pakistan kuja Mombasa hukata Bahari ya Hindi moja kwa moja. Muuzaji akikwambia trekta lake la India limepanda kwa sababu ya Bahari ya Shamu, muombe akueleze zaidi. Huenda kweli meli zilikuwa haba, lakini akueleze. Vilevile akisema ni ushuru wa forodha, muulize ushuru upi: chini ya viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, trekta la kilimo huingia kwa asilimia sifuri. Tozo nyingine zipo, ya uagizaji na ya reli, na akuonyeshe hesabu yake.

Kilichoumiza zaidi ni dola, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu kilitupata nyumbani.

Januari 2022 ndugu yangu mdogo, anayelima ngano na viazi upande wa Narok, alipewa profoma, yaani karatasi ya bei, na muuzaji mmoja wa hapa Nairobi: dola 28,000. Dola moja ilikuwa kama shilingi 113. Akalipa arbuni ya asilimia 30, karibu shilingi 950,000, akaahidiwa trekta kabla ya mwisho wa Machi. Machi ikapita. Mei ikapita. Kila nikipiga simu naambiwa meli iko njiani. Trekta lilifika Desemba, na dola ilikuwa imefika 123. Salio la dola 19,600 ambalo Januari lingekuwa shilingi 2,214,800 likawa 2,410,800. Laki moja na elfu tisini na sita zaidi, kwa trekta lilelile, na msimu wa mvua ndefu alikuwa amekodi la jirani. Alinipigia simu usiku akaniambia, "Dada, nimelipa nikaongezewa." Sikuwa na jibu, kwa sababu karatasi alikuwa ameitia sahihi na karatasi ilisema dola.

Bahati yake hakungoja zaidi. Mwisho wa 2023 dola ilikuwa shilingi 157, na Januari 2024 ikagusa 160. Katikati ya 2024 ilikuwa imeshuka hadi 130 hivi, watu wakaja kuniuliza mbona bei za madukani hazishuki. Nitakueleza ukweli wa dukani: mimi mwenyewe nilikuwa na pampu za maji nilizonunua dola ikiwa 158, na singeweza kuziuza kwa hesabu ya 130. Mwenye matrekta naye ni vivyo hivyo. Kwa hivyo swali la kumuuliza ni, "Hili liliingia lini?" Shehena iliyoingia baada ya shilingi kupata nguvu ina nafasi ya kupunguzwa. Ile ya zamani haina, ila kama imemkalia sana na anataka kuiondoa.

Vipuri saba

Sasa kazi yenyewe. Ukishapata majina ya modeli mbili au tatu unazozifikiria, usiende kwa muuzaji bado. Njoo Kirinyaga Road siku ya kazi asubuhi, na karatasi yenye vitu saba: filta ya oili, filta ya dizeli, sahani ya klachi, pampu ya maji, nozeli za kupulizia dizeli, siili (raba za kuzuia oili isivuje) za ekseli ya mbele, na pampu ya haidroliki. Ingia maduka matatu tofauti. Kwa kila kitu andika kama kipo, ni shilingi ngapi, na kama hakipo kinachukua muda gani. Usiseme unataka kununua trekta. Uliza kama mtu ambaye lake limeharibika.

Jioni karatasi yako itakuwa imesema mengi kuliko kijitabu chochote chenye picha za rangi. Modeli ambayo vitu vitano kati ya saba vinapatikana siku hiyohiyo katika maduka mawili, hiyo ni ya kwako. Modeli ambayo kila duka linakujibu "tunaweza kukuagizia," hiyo ina bei nyingine iliyofichwa. Ukikosa siili ya ekseli mwezi wa Machi, trekta la milioni tatu na nusu ni kibanda cha kuku.

Hii ndiyo sababu Massey Ferguson 240 na 375 bado zinanunuliwa na watu wenye akili zao, ingawa si mpya kwa umbo. 240 ina injini ya Perkins ya silinda tatu ambayo fundi wa Kariobangi anaifungua akiwa anazungumza na wewe. Ford za zamani nazo, 5610 na 6610, vipuri vyake bado tunavyo. Sisemi zile mpya ni mbaya. Yako matrekta mapya ya India na Uturuki yanayofanya kazi nzuri sana, yanayokula dizeli kidogo kuliko hizo za zamani. Nasema tu kwamba wakati wa uhaba, trekta lililozoeleka lina kinga. Mzigo wa kiwandani ukikosekana, kuna wa kuiga, kuna uliotumika, kuna fundi wa kuchonga. Trekta geni lenye kompyuta halina hata kimoja cha hivyo.

Muuzaji naye umuulize swali moja baada ya hapo: fundi wenu akiitwa Narok, anafika baada ya siku ngapi, na nani analipa mafuta ya gari lake? Jibu liandikwe.

Kuhusu ukubwa, usidanganywe na farasi wengi, yaani nguvu za injini. Jembe la diski tatu kwa udongo wa kawaida linataka kama farasi 75. Ukiwa na diski mbili, 50 zinatosha. Udongo mweusi wa mfinyanzi kama wa Kitengela unataka nguvu zaidi, na ikiwezekana magurudumu yote manne yavute. Ikiwa ulilotaka la 75 halipo na kuna la 90 lililo tayari, fanya hesabu ya dizeli kabla ya kukubali. EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta, hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi, na Septemba 2023 dizeli hapa Nairobi ilipita shilingi 200 kwa lita. Wateja wangu wanaoandika daftari hunionyesha lita 7 hadi 10 kwa ekari moja ya kulima mara ya kwanza.

Ukienda kwa lililotumika

Uhaba wa mapya umefanya yaliyotumika yapande pia, hasa yale tunayoyaita ex-UK, yaliyofanya kazi Uingereza kabla ya kuletwa huku. Mengi ni mazuri. Mengine yamepakwa rangi tu.

Mwambie muuzaji utafika saa mbili asubuhi, kisha ufike saa moja na nusu. Kabla hamjasalimiana sana, weka kiganja juu ya injini. Injini ikiwa na joto, mtu ameshaiwasha ili wewe usione inavyoamka. Ondoka, urudi siku nyingine. Ikiwa baridi, iwashe. Moshi mweusi kidogo unaopotea si kitu. Moshi wa buluu unaobaki ni oili inayoungua, na mweupe usiokwisha ni dizeli isiyowaka sawasawa au maji yanayoingia kwenye silinda. Injini ikiendelea kuunguruma, fungua kifuniko cha kutilia oili. Hewa ikitoka kwa pumzi nzito, kama mtu aliyekimbia, pistoni na pete zake zimekwisha. Chomoa kijiti cha oili ya giaboksi. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia.

Geji ya masaa usiiamini peke yake. Nimeona trekta lenye masaa 2,900 kwenye dashibodi na chini yake raba ya pedali ya klachi imelika hadi chuma kinang'aa. Nenda nyuma, chini ya trekta, pale pini ya kuvutia tela inapoingia. Chomoa pini, uingize kidole gumba kwenye tundu, ukizungushe polepole. Tundu la trekta ambalo halijateseka ni duara, na kidole kinazunguka bila kukwama. Lililovuta tela za mawe miaka kumi limekuwa umbo la yai, na ukingo wake wa nyuma umekuwa mwembamba na mkali kiasi cha kukukata. Rangi haiwezi kuficha hilo. Mikono miwili ya kunyanyulia jembe pia ina mipira ya chuma mwishoni. Itikise. Ikicheza na kugonga, basi masaa yale 2,900 ni ya kuandikwa.

Kisha wafunge jembe, si wakuambie tu kwamba haidroliki ni nzima. Nyanyua jembe, zima injini, ukanywe chai ya nusu saa. Ukirudi ukute bado liko juu au limeshuka kidogo. Likiwa limelala chini, una pampu au siili za kununua, na bei ya vitu hivyo unayo tayari kwenye ile karatasi yako. Ipunguze hapohapo kwenye bei yake. Hiyo ndiyo faida ya kuanzia kwangu: unajadiliana ukiwa na namba mkononi.

Rangi mpya iliyopakwa hadi juu ya mabomba ya raba na vinundu vya kutilia grisi inaniambia aliyepaka alikuwa na haraka. Magurudumu ya nyuma yaangalie kwa makini kuliko unavyodhani, kwani jozi mpya ni pesa nyingi na saizi nyingine hukosekana kabisa.

Mlipe fundi wako mwenyewe aje nawe, asiwe yule unayempata langoni. Wa langoni hulipwa na pande mbili.

Karatasi

Soma nambari ya injini na ya chesi kwenye chuma chenyewe, halafu uzilinganishe na logbuku, yaani hati ya umiliki, tarakimu kwa tarakimu. Piga picha zote mbili. Kama ni la kuagizwa na halijasajiliwa, omba karatasi za forodha za KRA, mamlaka ya mapato. Kama limesajiliwa, uhamisho wa jina ufanyike NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kumaliza kulipa, si baadaye, hata muuzaji akiwa jamaa ya mke wako.

Kuna kitu watu wengi hawakijui. Tangu sheria ya 2017 ya dhamana kwa mali inayohamishika, wakopeshaji huandikisha mali iliyowekwa rehani kwenye daftari la serikali, na unaweza kulipekua kwa eCitizen. Lipekue. Mzee mmoja kutoka Nyandarua alinunua trekta zuri tu, akalima msimu mmoja, kisha vijana wa kukamata mali wakaja wakaondoka nalo likiwa na haro ya kuvunja madongoa nyuma. Mwenye trekta wa kwanza alikuwa amelikopea. Mzee alikaa kwenye benchi langu akiwa ameshika kofia, nami nikamtuma kijana alete chai, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa.

Ukilazimika kulipa arbuni kwa trekta ambalo halijafika, mkataba uwe na mambo haya, na usikubali kuyaacha kwa sababu ya haraka. Bei iwe ya shilingi, si ya dola. Wakikataa kabisa, basi kuwe na kikomo cha kiwango cha kubadilishia. Tarehe ya kukabidhi iandikwe, na ikipita kwa siku 30 uwe na haki ya kurudishiwa arbuni yote. Modeli iandikwe kamili, na nambari ya chesi iongezwe mara tu itakapojulikana, ili lako lisiuziwe mwingine mwenye pesa taslimu. Hilo hutokea. Arbuni iwe ndogo kadiri uwezavyo. Pesa ziende kwenye akaunti ya benki ya kampuni, kamwe zisiende kwa M-Pesa ya mtu binafsi.

Kwa mkopo, kuna AFC, shirika la serikali la kukopesha wakulima, pale Development House, Moi Avenue, kuna benki na kuna sacco yako. Swali la kuuliza ni kama riba inahesabiwa kwa salio linalopungua au kwa mkopo wote wa mwanzo. Milioni mbili kwa miaka mitatu, riba asilimia 14: kwa mkopo wote wa mwanzo utalipa riba ya 840,000. Kwa salio linalopungua ni kama 460,000. Asilimia ni ileile, tofauti ni karibu laki nne. Uliza pia kama riba inaweza kubadilika. Waliokopa kabla ya Februari 2024, wakati Benki Kuu ilipofikisha kiwango chake asilimia 13, wanalikumbuka hilo vizuri.

Kungoja nako ni njia

Kama vipuri havionekani, au mkataba haukubaliki, usinunue mwaka huu. Kodisha. Hapa Nairobi kuna Hello Tractor inayounganisha wenye matrekta na wakulima kwa simu, na vijijini kuna jirani. Mwenye ekari chini ya 30 ambaye hatalimia watu wengine, mara nyingi namshauri akodishe tu, ama wajiunge watatu wa familia moja wanunue pamoja, mkiwa mmeandikiana nani anaanza kulima mvua ikianza kunyesha. Hilo la zamu limevunja undugu mwingi kuliko pesa.

Na ukingoja, ungoje kwa mpango. Januari na Februari kila mtu anataka trekta, na hakuna anayekupunguzia. Juni hadi Septemba wauzaji wana muda wa kukusikiliza. Kisha kuna maonyesho ya kilimo ya Jamhuri Park, hapa Nairobi, mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Pale unayakuta matrekta karibu yote mahali pamoja, na siku ya mwisho ya maonyesho wengi hupendelea kuuza kuliko kupakia kwenye lori na kurudisha.

Siku ya kulichukua, nenda wewe mwenyewe. Liwashwe mbele yako, PTO (mhimili wa nyuma unaozungusha mashine) izunguke, taa ziwake, funguo zote mbili na kitabu cha maelezo viwe mkononi mwako, halafu ndipo salio liende. Lisafirishwe juu ya lori. Usikubali dereva wa muuzaji aliendeshe barabarani hadi Narok ili upunguziwe elfu chache. Masaa 50 ya kwanza ndiyo yanayoizoeza injini mpya kazi, usiyamalize kwenye lami. Yakitimia, badilisha oili na filta, na lile filta la zamani usilitupe. Lifunge kwenye gazeti uje nalo Nairobi siku ukija, tulikate tuangalie kama lina vipande vya chuma ndani.